Kumwongoza Mkwe

Kazi yangu ilikuwa kutazamwa. Watu wa kanisani wakiniuliza nafanya nini huko kwenye ujenzi nilikuwa nawajibu hivyo, nao wanacheka mpaka wanashika mbavu, kwa sababu mimi si mwanamke wa kutazamwa: mfupi, mnene wa miguu, na jua la Homa Bay limenipika mpaka nimefanana na sufuria ya kuni. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Mtambo mkubwa ukifika saiti umebebwa juu ya lobedi, lile trela refu la chini lenye magurudumu mengi, lazima ushuke kwa ngazi mbili za chuma, na anayeuendesha karibu haoni kitu. Haoni cheni za kutembelea zinakanyaga wapi, haoni ukingo wa ngazi, hajui kama nyuma yake kuna mtu au mbuzi. Anayeona ni mtu mmoja aliyesimama chini, mbali kidogo, amevaa glavu nyekundu. Mikono yake ikisema njoo, opereta anakuja. Ikisema simama, anasimama. Kabla opereta yeyote hajapanda nilikuwa namwambia sheria ya kwanza, hata kama ni mzee kunishinda: usiponiona, simama.

Naandika habari za opereta mmoja tu, mume wa binti yangu. Kwetu Waluo mama mkwe anaitwa maro, na mkwe wa kiume hamtazami maro wake usoni. Hamshiki mkono, hali chakula mbele yake, wakikutana njiani anapisha kando na kuangalia majani. Yeye alikuwa Mkuria wa Kegonga, na Wakuria na sisi tumegombana kwa mambo mengi tangu zamani, ng'ombe wakiwa wa kwanza, lakini katika hili hatuna ugomvi. Kwao ni vilevile, labda kuzidi. Kwa hiyo mtu huyu ilibidi anitazame ili ashuke salama, na ilibidi asinitazame ili awe mtu mwenye adabu. Hilo ndilo lililomuua, na nikisikia mtu anasema ajali haina kinga natamani kumpiga na kiatu.

Tulifanya kazi pamoja miaka kadhaa kabla hajawa mkwe. Tulikutana Isebania, kampuni ilipokuwa inatengeneza barabara, malori ya mpakani yakitupita usiku na mchana na vumbi lake. Nilimdharau siku ya kwanza. Alikuwa mwembamba, mikono mirefu, anatafuna njugu kama mtu anayengoja mechi ianze. Kisha akapanda kwenye eksikaveta, mtambo wa kuchimbia, nikainua kidole, na mtambo ule wa tani nyingi ukaja kwangu taratibu kama ng'ombe anayejua njia ya nyumbani. Sijawahi kufanya kazi na mtu kama yeye, na wengine wote waliofuata nilikuwa nawavumilia tu. Nikitaka ashushe mkono wa mtambo kidogo, alikuwa ameshaanza kuushusha kabla sijamaliza kuonyesha.

Nilimuuliza siku moja wakati wa chai anajuaje.

"Mathe, uso yako inaongea kuliko mkono," akaniambia. "Ukiona kitu mbaya, mdomo inajikunja kwanza. Mimi nasimama hapo hapo."

"Wewe Mkuria, angalia mikono. Uso ilikuwa ya bwanangu, na amekufa."

Akacheka mpaka chai ikampalia. Tulikuwa tunataniana hivyo kila siku, kwa Kiswahili, kwa maana Kikuria changu ni cha kusalimia na Kijaluo chake kilikuwa cha kununulia samaki. Nilimpenda. Naweza kuandika hivyo sasa, maana hakuna tena wa kuniambia nikae kwa heshima. Sikujaliwa mtoto wa kiume, na nilikuwa nimeanza kumhesabu.

Kampuni ilipohamia upande wa Homa Bay, kwenye mradi wa maji, binti yangu alikuja kukaa nami. Ghafla akawa mtoto mwema kupita kiasi. Kila siku analeta chakula cha mchana mpaka saiti, ugali na omena, amefunga vizuri, na mimi mjinga nikawaambia wenzangu kwamba huyu mtoto anampenda mama yake. Siku aliponiambia kuna mtu anataka kuja nyumbani na wazee wake, nikauliza ni nani, akasema utamwona. Nilikuwa nimeshajua kwa sababu aliinamisha kichwa, na binti yangu hainamishi kichwa kwa ajili ya mtu yeyote.

Yeye mwenyewe alinifuata nyuma ya stoo siku ya mwisho kabla ya kwenda kwetu, Kasipul, ng'ambo ya Oyugis. Alikuwa ameshika helmeti kwa mikono miwili.

"Mathe, kesho nikitoka kwenu, sitakuangalia tena."

"Na mtambo utashusha aje?"

"Tutaona tu."

Hatukucheka. Nilimwangalia vizuri kwa mara ya mwisho, kovu lake la kidevuni, meno yake ya mbele yaliyoachana, na yeye akaniangalia. Ilikuwa kama kumuaga mtu anayekwenda nchi nyingine, na kesho kutwa angekuwa pale pale, hatua chache kutoka kwangu, mwenye viatu viwili ninavyoruhusiwa kuviangalia na uso mmoja nisioruhusiwa. Ng'ombe walikuja, wazee walikunywa soda na kitu kingine, shemeji yangu aliyesimamia mazungumzo akawaambia vijana kwamba heshima si utumwa, watu wote wakaitikia. Nami niliitikia, kwa moyo wangu wote. Nilijivuna. Nani asingejivuna kupata mkwe anayejua adabu?

Jumatatu alipanda mtamboni akageuza kichwa kando. Nikampungia mkono aje, akaja amepinda shingo kama kuku anayesikiliza. Nikamsimamisha. Nilikwenda moja kwa moja kwa fomani, msimamizi wa saiti, mtu wa mbali asiye na habari na mila zetu, nikamwambia anitafutie opereta mwingine, au amtafutie yeye mwelekezi mwingine, kwa sababu huyu sasa ni mkwe wangu.

"Mama, hapa saiti hakuna mama mkwe," akasema. "Hapa kuna opereta na mtu wa kumwelekeza. Mwelekezi mwingine yuko Migori, na huko wanamhitaji. Nitaomba ofisi, lakini kwanza mkae tu hivyo."

Hakuwa mtu mbaya. Aliomba kweli, nilimsikia kwenye simu. Mkwe wangu naye aliomba ahamishwe, akaambiwa angoje kidogo, kisha binti yangu akashika mimba na hakutaka tena aende mbali. Basi tukabaki, na kwa kuwa hakuna aliyetusaidia tukajisaidia. Hatukukaa chini kupanga, maana tungekaa vipi chini pamoja? Binti yangu ndiye aliyebeba maneno, kutoka chumba chao mpaka changu na kurudi. Mimi nitajifunga leso usoni chini ya helmeti, mpaka karibu na macho. Nitavaa sketi ndefu juu ya suruali ya kazi. Yeye ataniangalia kuanzia shingo kushuka kiunoni, mahali glavu zangu zinapofanyia kazi, na hapo hatakuwa amemvunjia mtu yeyote heshima. Watu wa saiti waliniita bibi harusi. Mmoja alinipigia vigelegele kila nilipofunga ile leso, na mimi nilimtukana kwa Kijaluo kila mara, jambo lililomfurahisha zaidi.

Na ilifanya kazi, ndiyo maana nakasirika. Ingekataa siku ya kwanza tungejua. Alishusha rola, alishusha eksikaveta mara nyingi, alisaidia kuiweka kreni ya kuinulia vyuma vya tangi, na hakuna hata jiwe lililokwaruzwa. Lakini alikuwa anangoja mkono umalize kusema. Ule mdomo wangu uliokuwa unajikunja kwanza ulikuwa ndani ya leso, na kila kitu kikawa kinachelewa kidogo, kidogo tu, kiasi ambacho mtu mwingine asingeona. Mimi niliona, na usiku nililala nikiwaza hicho kidogo.

Siku yenyewe mvua ilikuwa imenyesha. Wanaojua upande ule wanajua udongo wake mweusi. Wakati wa kiangazi unapasuka mpaka unaingiza mkono, na ukinyeshewa unakuwa ugali ambao haujaiva. Nilimwambia fomani tungoje jua. Akasema lobedi lazima irudi Isebania, na kusema kweli jua lilikuwa limeanza kutoka. Hatukufanya uzembe. Nilizunguka mahali pote na nondo nikichoma ardhi, nikapata sehemu ngumu, tukapanga slipa, yale magogo mazito ya mbao, mbili mbili chini ya ngazi, tukaweka kabari kwenye magurudumu ya lobedi, tukafukuza watu waliokuja kutazama. Mkwe wangu alipanda kwenye eksikaveta, akafunga mkanda. Nikasema ile sheria yangu kwa sauti, nikiielekeza kwenye tairi, naye akajibu "sawa" akiielekeza mbinguni.

Akaanza kushuka. Cheni zikashika ngazi zote mbili vizuri, mtambo ukainama, na mimi nikarudi nyuma hatua kwa hatua kama inavyotakiwa, maana mwelekezi hasimami mahali mtambo unapokuja. Mguu wangu wa kushoto ukaingia kwenye tope. Gambuti ikabaki, mimi nikaenda. Nilianguka chali, miguu juu, na sketi yangu ndefu, ile ya heshima, ikapanda mpaka kiunoni mbele ya mkwe wangu.

Ndani nilikuwa na suruali ya kazi, ya buluu, nene, na chini yake nyingine ya kuzuia baridi. Hakukuwa na kitu cha kuona. Hata mchungaji angeangalia. Nimeyasema haya kwa polisi, kwa watu wa ofisi, kwa wazee wa Kegonga na kwa binti yangu, na nitayasema mpaka nife: hakukuwa na kitu cha kuona.

Wengine walipoona nimeanguka walicheka, au walikimbia kuniinua. Yeye aligeuka. Hakugeuza shingo tu. Alijipinda mwili mzima kwenye kiti, kama mtoto wa watu aliyelelewa vizuri, mikono yake ikiwa bado imeshika vyuma viwili vya kutembezea cheni. Kimoja kikavutika pamoja naye. Cheni ya kulia ikaenda, ya kushoto ikasimama, na mtambo ukageuka juu ya ngazi mahali pasipogeukwa. Nikiwa bado chali niliuona unainuka upande mmoja. Nilivuta leso nikapiga kelele, uso wangu wote nje, na hakukuwa na wa kuuona. Ukaanguka kwa ubavu kwenye upande wa chini, kibanda cha opereta kikatangulia.

Kwenye mazishi mzee mmoja wa kwao alisimama akamsifu. Alisema kijana huyu aliheshimu wakwe zake mpaka pumzi ya mwisho, na vijana wa siku hizi wajifunze. Wanawake wakalia. Nilikuwa nimekaa mbali na jeneza, upande waliotupangia sisi wageni, na nilitaka kusimama nipasue kile kipaza sauti kwenye jiwe. Heshima ipi? Mimi ndiye niliyeheshimiwa, na sikuitaka, si kwa bei hiyo. Ningependa mkwe mhuni, mlevi, anayeniangalia machoni na kuniomba ugali, awe hai. Binti yangu alikuwa ameshika tumbo lake kwa mikono miwili, haangalii mtu. Mtoto amezaliwa tangu hapo, ana meno ya mbele yaliyoachana kama ya baba yake. Binti yangu hanilaumu, na akinipigia simu tunazungumza juu ya homa ya mtoto na mvua, na nikikata simu nakaa tu pale nilipo.

Lakini sijasema habari ya kumtoa.

Hakufa mtambo ulipoanguka. Kibanda kilikuwa kimebonyea, kimemkaba kuanzia kifuani kushuka, na kioo cha mbele kilikuwa kimetoka chote, kwa hiyo uso wake ulikuwa wazi, umelala ubavu karibu na tope. Alikuwa anapumua. Kitu pekee cha kuinua chuma kile kilikuwa ile kreni ya tangi, na ilikuwa imesimamishwa mbali; mkono wake usingefika. Ilibidi ikunje miguu yake, ije, isimame upya. Watu walikuwa wamejaa, saiti nzima na kijiji, wengine wanavuta chuma kwa mikono mitupu.

"Leteni hiyo kreni iinue tu!" mtu akapiga kelele. "Mtu anakufa, nyinyi mnapanga mbao!"

Ndiyo, tulikuwa tunapanga mbao. Niliwafanya wapange. Kreni ikisimama kwenye udongo ule bila slipa, mguu mmoja unazama, na ikipinduka inamwangukia yeye na waliomzunguka. Opereta wa kreni, mtu mzima, akaniambia, "Mathe, mimi naangalia wewe tu." Nikachoma ardhi na nondo nikilia. Nikasema hapa, si hapa, leta nyingine, weka mbili. Nikamtuma fomani mwenyewe abebe slipa, akabeba. Sijawahi kufanya kazi polepole vile, na sijawahi kuchukia kazi vile.

Waya zikafungwa kwenye kibanda na kwenye mkono wa mtambo. Nikasimama mahali ambapo opereta wa kreni angeniona, na mahali hapo palikuwa karibu na kichwa cha mkwe wangu, miguuni pangu kabisa. Sikuwa na leso. Sketi nilikuwa nimeivua sijui saa ngapi, nimesimama na suruali yenye tope. Nikainua mkono, ndoano ikaanza kupanda, waya zikakaza.

"Mama," akasema.

Tangu siku ya ng'ombe hakuwa ameniita kwa mdomo wake.

"Niko hapa, baba."

"Mama, niangalie."

Anayeelekeza kreni haondoi macho kwenye mzigo. Chuma kile kilikuwa kinapanda kwa upana wa kidole, na kikiyumba kinamrudia kifuani. Opereta alikuwa na macho yangu tu, na mimi nilikuwa na waya tatu, ndoano moja na ukingo wa kibanda, vyote vinatikisika. Niliviangalia hivyo. Mkono wa kulia juu, vidole vinazunguka polepole. Mkono wa kushoto umenyooka, unangoja kusema simama.

"Ngoja kidogo, baba. Nakutoa. Ngoja."

"Niangalie basi."

Nilisikia anavuta pumzi. Nilitaka kushusha macho zaidi ya nilivyowahi kutaka kitu chochote duniani, na sikushusha. Kibanda kikafika kimo cha goti. Nikafunga ngumi, kreni ikasimama. Vijana wakasukuma slipa chini yake, moja juu ya nyingine, nikasubiri mpaka ya mwisho ikae sawa, kwa sababu mzigo haumwachi mtu huru mpaka ukae chini. Nikamwonyesha opereta kwamba mzigo umekaa. Akazima.

Ndipo nikapiga magoti nikamwangalia. Shavu lake lilikuwa topeni, uso umeelekea kwangu, macho wazi. Nilimtazama usoni kwa muda wote nilioutaka, na hakugeuka.